Wimbo wa Kumtukana Baba

Mzee Shija alifika asubuhi ya mazishi ya baba, amepakiwa na mjukuu wake kwenye pikipiki kutoka upande wa Mishamo, vumbi limemkaa hadi kwenye kope. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walinyamaza walipomwona. Kila mtu wa Kabungu mwenye umri wangu anajua kwamba huyu mzee na baba yangu walitukanana kwa nyimbo karibu maisha yao yote, na nadhani wapo waliodhani amekuja kuhakikisha tu kama kweli amekufa. Hakwenda kwenye turubai la wazee. Alinifuata nilipokaa na walimu wenzangu waliotoka mjini, akasimama mbele yangu na fimbo yake, akanipa pole, halafu akasema kwa sauti ambayo mkuu wangu wa shule aliisikia vizuri: "Mayu, manju hafukiwi kimya kama kuku. Wagalu wenzake wote wametangulia. Nimebaki mimi, na mimi nyimbo zangu zote za baba yako ni za matusi. Nipe ruhusa niimbe ule wako."

Mayu ni mama, na manju kwetu Wasukuma ni mtunzi na kiongozi wa ngoma; baba alikuwa manju wa kundi la Wagalu. Hilo wenzangu walilijua. Huo "ule wako" ndio hawakuuelewa, na mkuu wa shule akaniinamia kuniuliza ni wimbo gani. Nilimwambia ni wa zamani tu. Nikamwomba Mzee Shija akae, anywe uji kwanza, nitamjibu. Nina wajukuu, nina nywele nyeupe, natazamwa na watu kama mtu mwenye heshima zake, na bado masikio yangu yalikuwa yamewaka moto kama ya binti wa kidato cha kwanza.

Kidato cha kwanza ndiko ulikoanzia. Baba aliuza dume la ng'ombe, nikapelekwa mjini Mpanda, mtaa wa Shanwe, kukaa kwa Mama Zubeda, mke wa mwenye duka ambaye baba alikuwa akinunua kwake chumvi ya mifugo. Chumba changu kilikuwa stoo. Kitanda kilibanwa kati ya maboksi ya sabuni na madebe ya mafuta ya taa, kiasi kwamba sare yangu ilinukia usafi na moto kwa pamoja. Tulikula kwenye sinia, mimi na Zubeda na mama yake, wali na mchicha wa nazi, na mimi niliyezoea ugali wa kumega nilikuwa nikidondosha punje mkekani na kuziokota moja moja nikidhani sionekani. Siku za mwanzo, kupitia ukuta usiofika juu, nilimsikia Mama Zubeda akimwambia mumewe, "Kakomba sinia lote, masikini. Kwao nadhani wali hawaujui." Mumewe akamjibu, "Kwao wanakula nyama mpaka wanagawia mbwa. Wewe ndiye wa kuonewa huruma." Nilicheka ndani ya shuka, lakini kesho yake nilikula kidogo, na keshokutwa yake pia, na nilikuwa nikienda shule na njaa ya kujitakia.

Shuleni nilikuwa mrefu kuliko wote darasani, wavulana wakiwemo. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Sichalwe, alikuwa Mfipa mwembamba mwenye koti moja na imani moja: kwamba mtoto hujifunza lugha akizungumzia anachokipenda, na mtoto hupenda kucheza. Kwa hiyo alianza na michezo na burudani, na hakutoka huko upesi. Alikuwa na picha alizokata kwenye magazeti ya zamani na kuzibandika kwenye vipande vya maboksi: mtu anapiga mpira, mtu anaogelea, familia imekaa inatazama televisheni, mwanamke wa kizungu mwenye sketi nyeupe ameshika kitu nilichodhani ni chujio la unga. Aliinua picha, sisi tukaimba. Nasema tukaimba kwa sababu hakukuwa na neno lingine, darasa zima kwa sauti moja yenye kupanda na kushuka: "I play football every day. I play tennis every day." Wapita njia walikuwa wakisimama barabarani kusikiliza.

Siku moja aliacha picha akauliza kila mmoja wetu anafanya nini wakati wa mapumziko. Zubeda anatazama televisheni, na ilikuwa kweli, kwao ilikuwepo. Kijana mmoja wa Mishamo alisema baba yake anaendesha baiskeli, Mwalimu akafurahi akamsifu kwa mchezo mzuri, na yule kijana hakusema kwamba baiskeli ile huwa na magunia mawili ya muhogo nyuma. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaomba kwanza niambiwe kwa Kiswahili mapumziko yenyewe ni kitu gani. "Ni wakati ambao huna kazi, Kabula," akasema Mwalimu. Nilifikiri kweli kweli. Niliipitia siku ya nyumbani kuanzia kukamua mpaka kuzuia ndama, nikaitafuta nafasi hiyo nisiione, nikamjibu, "Sina, Mwalimu." Darasa lilicheka mpaka dirisha likatikisika. Mwalimu hakucheka, alinionea huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia nichague picha yoyote, nami kwa haraka nikachagua yule mwanamke mwenye chujio. Tangu siku hiyo mimi nikawa mtu wa tenisi. Kila nilipoulizwa nilijibu kwamba nacheza tenisi kila siku, na nilijibu vizuri kuliko wote, maana aibu huwa inakaza kumbukumbu.

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani. Nilichokuwa sijui ni kwamba baba, kwa majivuno ya kimanju, alikuwa amewatangazia majirani kwamba dume lake limekwenda kununua Kiingereza. Kwetu mtu akinunua ng'ombe majirani huja kumtazama. Humzunguka, humpapasa nundu, humfungua kinywa kuona meno. Basi wazee wa nzengo, lile baraza letu la ujirani linaloamua nani asaidiwe kulima, nani atozwe faini na nani asisalimiwe, wakasema na hicho Kiingereza nacho wakione. Haikuwa ajabu kwao. Ajabu ingekuwa kutoonyeshwa.

Walikuja mchana, wakakaa uani kwenye vigoda. Mayu, ndivyo tunavyowaita mama zetu, alikuwa ameandaa michembe ya viazi vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, maziwa ya mgando kwenye vibuyu, na pombe kwa wanaokunywa. Nilivaa sare. Baba alikaa pembeni kidogo, mguu juu ya mguu, anatazama mbali kama mtu asiyehusika, na mimi niliyemjua niliona kidole chake kikipiga mdundo kwenye goti. Mambo mawili yalikuwa yakingoja siku ile na yote niliyajua. La kwanza, kulikuwa na watu wa ng'ambo ya mto waliokuwa wameleta neno kwamba wana kijana na wana ng'ombe. La pili, kama wazee wangeridhika, baba angewajibu wale watu kwamba binti yake bado anasoma, na hakuna ambaye angemlaumu. Nisimame vizuri tu, niseme vizuri tu.

Nilisimama, nikasema nilichokuwa nacho, kwa sauti ile ile ya darasani ya kupanda na kushuka. Nacheza mpira kila siku. Nacheza tenisi kila siku. Naogelea kila siku. Natazama televisheni kila siku. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akasema, "Kinatiririka." Na mambo yangeishia hapo kama si Mzee Petro, aliyewahi kuwa mpishi wa mapadri wa kizungu na ambaye kwa miaka mingi alikuwa hajapata mtu wa kumwonyesha ujuzi wake. Hakuwa na ubaya. Aliombwa kutafsiri, akatafsiri, sentensi moja baada ya nyingine, kwa furaha ya mtu aliyepata kazi yake ya zamani. Halafu mzee mmoja akauliza, "Kila siku?"

"Kila siku," akasema Petro.

"Na kulima analima lini?"

Petro alinigeukia akaniambia kwa upole, "Hebu mjukuu wangu, tuambie kitu cha kulima. Au cha kukamua. Kwa Kiingereza hicho hicho."

Sikuwa nacho. Niliangalia ardhi, nikaiangalia tena, nikasema ukweli: "Bado hatujafika kwenye kazi. Tuko kwenye michezo."

Sitaki kueleza walivyocheka. Mmoja alidondoka kwenye kigoda chake. Mayu aliingia jikoni. Baba aliinama akatazama ndani ya kibuyu chake kana kwamba kimeingia nzi, na alitazama muda mrefu. Uani mzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakucheka, naye alikuwa Shija, wakati huo mwanamume wa makamo mwenye kifua kipana, manju wa Wagika. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa sauti. Mimi nilidhani ananionea huruma. Baba, aliyeijua kazi hiyo, alijua anafanya nini.

Wagalu na Wagika ni makundi mawili ya ngoma, na Msukuma anayecheza lazima awe wa huku au wa kule. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, hushindana, na ushindani wenyewe hauna jaji. Makundi hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu hutembea kwenda kunakowapendeza. Jua likiinama, mwenye watu ndiye aliyeshinda. Mwaka ule walikutana sikukuu ya Saba Saba, kwenye uwanja ulio karibu na mnada wa ng'ombe. Baba na watu wake walikuwa na ngoma ya majembe, wanayarusha juu yanazunguka na kuyadaka kwa pamoja, na mwanzoni uwanja ulikuwa wetu. Kisha upande wa pili Shija akapandisha wimbo mpya. Beti zilikuwa za Kisukuma, zikieleza habari za mtu mmoja Malimi, ndilo jina la baba, aliyeuza dume ili binti yake akacheze, na mwitikio ulikuwa wangu, kwa sauti yangu ile ile ya uani, isipokuwa sasa nyuma yake kulikuwa na ngoma:

*Ai pulei futiboli evuri dei!*
*Ai pulei tenisi evuri dei!*

Watu walianza kugeuka. Wawili watatu, kisha familia nzima nzima, kisha wakawa kama ng'ombe walionusa maji. Vijana walishika mwitikio mara ya kwanza tu waliposikia. Na katikati ya kundi lile, na mbuzi aliyemnunua mnadani akiwa amemshika kamba, alikuwepo Mwalimu Sichalwe. Aliniona, akaja mbio akiburuta mbuzi, uso unang'aa. "Kabula! Unawasikia? Hawakosei! Kijiji kizima hakikosei!" Hakujua kilichokuwa kinaimbwa kwenye beti, hajui Kisukuma. Nilitamani ardhi ipasuke, na kama ingepasuka ningemvuta na yeye tuingie wote.

Upande wetu alibaki Mayu, akipiga vigelegele peke yake, na wazee wawili wasioweza kutembea haraka, na mimi. Hata baadhi ya wachezaji wa baba walikuwa wakitupia macho kule. Baba hakuacha. Aliimba nyimbo zake zote alizoziandaa, hakuruka hata ubeti, akigeuka kulia na kushoto kusalimia watu wasiokuwepo, na alipomaliza alifuta jembe kwa kiganja akaliweka begani. Aibu niliyoiona siku ile nimeshindwa kuipata mahali pengine popote, na nimepatwa na aibu nyingi. Haikuwa ya kwangu wala ya kwake pekee. Ilikuwa imetushika wote wawili kwa mkono mmoja, na mimi ndiye niliyeileta nyumbani, nimevaa sare.

Jioni, nikiosha vibuyu nyuma ya jiko, niliwasikia. Mayu alisema wale watu wa ng'ambo ya mto walikuwepo uwanjani na wamerudia neno lao, na bado wako tayari, wimbo au hakuna wimbo. "Mtoe aolewe, Malimi," akasema. "Mtoe basi, wakuache." Niliacha kumwaga maji ili nisikie. Ndipo baba akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayezungumza mnadani: "Dume langu limekwenda. Leo na jina langu limekwenda. Nikimtoa sasa nitakuwa nimeuza vyote viwili nikarudi mikono mitupu. Nani anafanya biashara hiyo?" Mimi nilikaa pale na kibuyu mapajani, na sikufurahi, nataka ieleweke, sikufurahi hata kidogo, ingawa nilikuwa nimepewa nilichokitaka. Nilijisikia kama kitu kilichonunuliwa ghali na wateja wote wamekwisha kusema hakifai.

Shule zilipofunguliwa baba alinipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Tulipofika Shanwe, mlangoni kwa Mama Zubeda, alishusha sanduku langu, akakaza kamba ya baiskeli ambayo haikuwa imelegea, akauliza bila kunitazama: "Kwenye kazi wanafika lini?"

"Muhula huu, baba."

"Wakifika uniambie."

Wimbo ulikuwa umetangulia. Wachunga ng'ombe wa mnadani waliufikisha mjini kabla yangu, na kabla wiki haijaisha nilimsikia Mama Zubeda mwenyewe, akipepeta mchele uani, akiuimba kwa raha zake bila kujua ni wa nani: tenisi, evuri dei. Nilikula wali ule uliopepetwa kwa wimbo ule. Zubeda aliujua wiki iliyofuata, darasa zima likaujua, na kila nilipoitwa kujibu swali kulikuwa na mtu nyuma wa kugonga dawati kwa mdundo. Nilisoma mwaka ule kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuficha uso isipokuwa kwenye kitabu. Watu hunisifu kwa bidii. Nawaacha wasifu.

Tulifika kwenye kazi mwezi wa kumi. Disemba nilirudi nyumbani, na jioni baba akitoka zizini nikamwambia, "Baba, wamefika." Alikaa kwenye kigoda. Nikamsimamia, nikasema yote: nalima, nakamua, nachota maji, nachunga. Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande, kama alivyosikiliza nyimbo za vijana waliokuja kwake kujifunza. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Hii haina mdundo, mwanangu," akasema. "Ya Shija ina mdundo." Akaenda kunawa mikono, na jambo hilo hatukulizungumza tena hadi juzi alipokufa.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza, tena hapa hapa Katavi. Kila mwaka mada ile ya michezo inafika, kila mwaka nashikwa na kikohozi na kumwomba mwenzangu anishikie vipindi viwili. Si kwa sababu ya watoto. Watoto hawajui kitu. Ni kwamba siku hizi wimbo ule ni wa watoto, wanaurukia kamba vijijini kote mpaka Mishamo, umebaki mwitikio tu, matusi yamekwisha kuanguka njiani kama maganda, na huishia kwenye tenisi. Nikiinua picha ya mpira, kuna mtoto huko nyuma atauanza, na wenzake watamdaka. Nami nitakuwa nimesimama mbele yao na chaki, natafuta pa kutazama.

Mazishi yalikuwa mchana. Mchungaji alimaliza, udongo ukarudishwa, watu wakaanza kurudi kwenye maturubai kungoja chakula, kama ilivyo kawaida. Kaburini tulibaki wachache. Mzee Shija alikuwa amesimama upande wa miguu, hajanikumbusha, ananitazama tu. Mkuu wangu wa shule alikuwa amekwisha kukaa na sahani mapajani. Niliona aibu kama siku ile ile, haikuwa imepungua wala kuzeeka, na nikaitikia kwa kichwa.

Akaanza. Sauti ilikuwa imebaki nusu, lakini ilikuwa ya manju bado. Alimtaja Malimi kwa jina, akalitaja dume na rangi yake, akataja binti. Akafika kwenye mwitikio. Futiboli aliipata. Tenisi aliipata. Baada ya hapo mdomo ukabaki wazi. Alijaribu tena kuanzia juu, akakwama pale pale, na mjukuu wake hakuweza kumsaidia kwa kuwa naye aliujua ule wa watoto tu. Mzee akanigeukia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anajua kinachofuata.

"Ai siwimu evuri dei," nikasema. Haikutoka vizuri. Nikasema tena, kwa sauti ile ya uani, ya kupanda na kushuka, na safari hii ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikaenda hadi kwenye maturubai.

Shija akaidaka. Akapiga fimbo chini, akapandisha ubeti, akaniachia mwitikio, nikaitikia. Watoto ndio walianza kuja, wamesikia wimbo wao. Kisha wanawake wakaacha masufuria. Kisha wazee, kisha walimu wenzangu, mkuu wa shule na sahani yake mkononi, wakaja wakasimama kuzunguka udongo mbichi, wanaitikia. Nilipoinua macho kutazama kule kwenye maturubai, viti vilikuwa vitupu. Watu wote walikuwa wamehamia upande wa baba.